Mtoto na Kipawa Alichopewa na Mola Wake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), darsa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa miji yetu hawalihesabu kuwa ni katika malezi, nalo ni kukitambua kipawa cha mtoto na kukikuza.

Twaanza na kisa cha Abu Mahdhura. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirejea kutoka Hunayn, mwadhini wake aliadhini njiani. Walikuwapo karibu vijana wa Makka ambao walikuwa hawajasilimu, wakaanza kuiigiza adhana ile kwa kejeli. Mtume akasikia katika makelele yale sauti moja nzuri. Akaamrisha waletwe, akauliza ni nani aliyepaza sauti, na wenziwe wote wakamwashiria Abu Mahdhura. Wale wengine wakaachiliwa waende zao, yeye akazuiwa. Mtume akamfundisha adhana neno kwa neno, akampa kifuko chenye fedha, akampangusa kwa mkono wake mtukufu na kumwombea baraka. Kijana aliyekuja na chuki moyoni aliondoka na mapenzi, tena mwenyewe akaomba awe mwadhini wa Makka, akapewa. Kazi ile ikabaki katika kizazi chake baada yake.

Sasa tujiulize kwa insafu: lau kijana angeiigiza adhana leo barazani kwetu, nani miongoni mwetu angeisikia sauti yake? Sisi tungesikia utovu wa adabu tu, na bakora ingefuata.

Kadhalika Zayd bin Thabit. Alirudishwa katika vita vya Badr kwa sababu ya udogo wake, lakini Mtume alipoona wepesi wake wa kuhifadhi alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi. Ni Zayd huyo huyo ambaye Sayyidna Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Mtoto aliyekuwa hafai kwa upanga alifaa kwa kalamu.

Wanavyuoni wetu waliyafahamu haya. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza katika Tuhfat al-Mawdud kwamba yampasa mlezi atazame mtoto ameelekea kazi gani kwa maumbile yake, asimsukume kwenye nyingine maadamu ile yake ni halali, kwani akisukumwa hatafuzu katika hiyo, na ile aliyoumbiwa itampotea. Na Imam Ghazali ameusia katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mzuri. Kumnyima mchezo na kumlazimisha masomo daima huufisha moyo wake na kuzima akili yake. Haya hayakutoka kwa Wazungu, kama wasemavyo baadhi ya wazee kila mchezo wa mtoto utajwapo.

Ama majumbani mwetu, kijana akichonga kidau kwa kipande cha ubao huambiwa apoteza wakati. Akiifungua simu mbovu atazame ndani yake huitwa mharibifu. Kila mzazi ataka daktari au wakili, hata kwa mtoto ambaye mikono yake yasema kuwa ni seremala hodari. Na ajabu ni kwamba tunatoa maelfu ya shilingi kwa sare za harusi ya siku moja, na mtoto akiomba karatasi na rangi huambiwa hakuna pesa.

Huenda mtu akasema: je, kuchora si haramu? Jambo hili lina maelezo. Mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, naye baada ya kumtajia onyo la Mtume alimwambia kwamba ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Basi mtoto apendaye kuchora na aonyeshwe majahazi, majani, milango ya Lamu na nakshi zake, na hati za Kiarabu. Uwanja huo ni mpana, hataumaliza kwa umri wake wote.

Wala tusidhani kuwa vipawa ni vya wavulana peke yao. Bibi Aisha alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alipomwuliza kama farasi huwa na mbawa, alijibu: kwani hukusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakumwambia kuwa ni upuuzi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kusomeshwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, wadai kuvitafuta vipawa hivi. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kuona aonayo mama jikoni. Mwangalie mwanao afanyalo bila ya kutumwa. Mwulize amelifanyaje, kisha umsikilize mpaka amalize. Usimmalizie kazi yake kwa kuwa wewe waifanya vizuri zaidi. Akionyesha mwelekeo, mpeleke siku za likizo kwa fundi mwaminifu umjuaye, wewe mwenyewe ukae naye siku za mwanzo.

Katika darsa ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya bakora katika vyuo vyetu, na aliyoyasema Ibn Khaldun juu ya madhara ya kuwatendea wanafunzi kwa ukali.