Foklifti ikiwasha taa ya injini

Usikimbilie kununua sensa. Msimbo wa hitilafu hutaja saketi yenye tatizo, si lazima kifaa kilichokufa. Andika misimbo yote, uifute, uone upi unarudi. Kisha pima betri: ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 9.6 unapopiga stata, kompyuta ya injini huweza kutoa misimbo ya uongo. Sensa kadhaa zimelalamika kwa mpigo? Shuku ethi, au ile volti 5 zinayogawana. Mwisho, uma ukiwa chini, gia huru na breki imefungwa, acha injini iungurume huku ukitikisa waya karibu na ekzosi na mahali zinapojikunja. Injini ikikohoa, fungua soketi ya hapo, utafute kutu ya kijani.