Somo la Wanachama: Zebaki ya Songwe na Samaki wa Rukwa



Katika somo hili twatoka kidogo nje ya shamba la mikarafuu, twende bara mpaka mkoa wa Songwe. Twaenda huko kutafuta jibu la swali moja: maradhi yanapotoka katika mchanga na maji, ni kazi ya nani kuyazuia? Daktari atasema mgonjwa ni wake, lakini mto si wake. Bwana mazingira atasema mto ni wake, lakini mgonjwa si wake. Na yule anayetafuta riziki yake kando ya mto atasema ya kuwa hapana aliyepata kumwuliza neno. Watatu hao wasipokaa pamoja, maradhi hayana wa kuyazuia.

NCHI YENYEWE

Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Makao yake makuu yako Vwawa, wilaya ya Mbozi, nchi ya kahawa, na wakulima wake ni watu kama sisi, wenye kungojea msimu na bei. Mji wake mkubwa ni Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambako sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 200,000. Malori hupita hapo usiku na mchana. Mwezi wa Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde iliyo upande wa Zambia, ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi mahali pamoja, na dereva asikaguliwe mara mbili. Kwa lori, basi, jambo la kuziweka idara nyingi chini ya paa moja limewezekana. Tutazame kama lawezekana kwa mto.

Kaskazini ya mkoa, katika wilaya ya Songwe, na kuvuka hadi Chunya katika mkoa wa Mbeya, ndiko kwenye machimbo ya Lupa. Dhahabu yake yajulikana tangu miaka ya 1920, na mgodi wa Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Leo, pamoja na migodi ya makampuni, wako wachimbaji wadogo wengi. Mito ya nchi hiyo huteremka Ziwa Rukwa, na Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji huingia, na hayatoki ila kwa kukaushwa na jua. Kitu kizito kikiingia humo, safari yake imekwisha.

JINSI ZEBAKI INAVYOTUMIKA

Mchimbaji mdogo hutoa mawe katika duara, yaani shimo la dhahabu, akayapeleka kwenye karasha yakasagwa. Mchanga ule huoshwa, kisha hutiwa zebaki, ile madini ya majimaji iliyokuwa ikitiwa katika vipimo vya homa. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, zikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa juu ya makaa ya moto. Zebaki huondoka kwa mvuke, na dhahabu hubaki.

Njia hii ni nyepesi na ya haraka. Aliyechimba asubuhi aweza kupata fedha jioni, na kwa mtu mwenye deni la chakula hilo si jambo dogo. Wengine huchoma donge nyumbani, katika kikaango kile kile cha jikoni, kwa kuogopa wezi.

Lakini mvuke wa zebaki hauna harufu, wala hauwashi macho. Mwenye kuuvuta hajui ya kuwa ameuvuta. Ukizidi mwilini huharibu mishipa ya fahamu na figo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na kumbukumbu hupungua. Mwenye kudhurika zaidi ni mtoto, na hasa aliye tumboni mwa mama yake. Mama aweza kujiona mzima, na mtoto akazaliwa na akili nzito.

Zebaki nyingine hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, na mvua huichukua mpaka mtoni. Huko kwenye tope, vijidudu huigeuza ikawa sumu kali zaidi, inayoingia katika samaki. Samaki mdogo huwa na kidogo. Mkubwa anayekula wadogo hukusanya ya wote. Hivyo anayeweza kudhurika ni mvuvi wa mbali pia, asiyepata kuiona dhahabu maishani mwake.

MIAKA KUMI NA MIWILI YA MINAMATA

Huko Japani, katika mji wa pwani uitwao Minamata, madaktari walitoa khabari mwaka 1956 ya maradhi mapya yaliyowashika wavuvi na watoto wao. Hata paka waliokula samaki walikuwa wakirukaruka na kufa. Mwaka 1959 wataalamu wa chuo kikuu walisema ya kuwa sababu ni zebaki. Kiwanda cha kemikali kilichokuwa kikiitupa baharini kiliendelea kufanya hivyo mpaka 1968, na mwaka huo ndipo serikali ilipokiri sababu ya maradhi yale.

Hesabuni miaka hiyo. Ujuzi ulikuwapo, na wagonjwa walikuwapo hospitali. Lakini elimu ya daktari haikuwa na nguvu mlangoni mwa kiwanda, na watoto wakazidi kuzaliwa na ulemavu.

Kwa kumbukumbu ya msiba huo, mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013, nao ukaanza kufanya kazi 2017. Tanzania iliuridhia 2020. Mkataba huo wazitaka nchi zikomeshe mambo manne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuchuja mchanga wenye dhahabu, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki isiyokwisha ondolewa.

Tena kuna sharti jingine linalohusu somo letu. Nchi yenye wachimbaji wadogo wengi yatakiwa iwe na mpango ambao ndani yake mna sehemu ya afya: kukusanya khabari za wagonjwa, kuwafundisha waganga, na kuwaonya watu kwa njia ya zahanati. Basi hapo karatasi ya mazingira na karatasi ya hospitali zimekuwa karatasi moja. Mpango wa Tanzania ulitayarishwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira. Kadhalika, mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ilizindua dawati la kuratibu kazi ya Afya Moja, ili wa binadamu, wa mifugo na wa mazingira wapeane khabari, kwa mfano juu ya kichaa cha mbwa na kimeta.

KAZI YA CHAMA

Hata hivyo, idara zikikubaliana mjini, ni nani atakayekuwapo kwenye jiko la makaa usiku? Mkaguzi huja siku moja akaondoka. Anayekaa pale ni mchimbaji mwenyewe na jirani zake. Ndiyo maana vyama vya wachimbaji wadogo, na shirikisho lao la FEMATA, havina budi kuwa mezani.

Kiko chombo kiitwacho retoti, chungu kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hupita bombani, ukarudi kuwa zebaki, na mwenyewe akaitumia tena. Afya huhifadhika, na fedha pia. Lakini mtu mmoja mmoja hatakinunua iwapo jirani hana, wala hatakubali kuchoma mbele ya watu iwapo hapana ulinzi. Chama chaweza kununua kimoja cha wote, kikajenga banda mbali na nyumba, kikaweka mlinzi. Amri peke yake humfukuza mtu barabarani, akaenda kuchoma chumbani.

Na sisi visiwani? Hatuna machimbo, lakini tuna dawa za kuua magugu na wadudu, na tuna visima na mito midogo inayopita katika mashamba yetu. Chupa ya dawa ikioshwa mtoni, anayekunywa chini hajui. ZEMA yaangalia mazingira, Wizara ya Afya yaangalia wagonjwa, Wizara ya Kilimo yaangalia shamba. Anayejua chupa ilioshwa wapi ni mwanachama. Asiposema yeye, wote watatu watafanya kazi gizani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Kwa nini mvuvi wa Rukwa aweza kudhurika kwa kazi asiyoifanya?
2. Kwa nini elimu ya madaktari wa Minamata haikutosha?
3. Katika shehia yenu, dawa za shamba huwekwa wapi, na chupa tupu hutupwa wapi?
4. Mkiona watoto wengi wanaugua pamoja, nani atampasha khabari sheha, na nani atampasha bwana shamba?