Si Mikoko Yote ni Mkoko

Siku sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipozuru Hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yalikuwa yamekupwa na mizizi yote iko nje. Darasani twaita miti ile mikoko, basi. Mzee aliyetuongoza alisema kila mmoja una jina, nalo lajulikana kwa mizizi.

Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyotanuka kama miguu ya buibui. Mui nao, mizizi yake imepinda kama goti. Mchu ndio ulionishangaza: hutoa vijiti chungu nzima vinavyochomoza topeni kama penseli. Hivyo ndivyo pua zake, maana tope lile halina hewa. Chumvi huitoa kwa majani. Nililamba moja, lo! Chumvi tupu!

Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ikarefuka kuipita rula, ndipo idondoke topeni.

Mkoko hutoa boriti za nyumba za pwani. Serikali ilipiga marufuku kuziuza nchi za nje mwaka wa 1982, lakini visiki vibichi tuliviona. Tulihesabu kumi na saba kabla maji hayajajaa yakatufukuza.