Dondoo muhimu: Na watoto Paje na Jambiani

Kabla ya kulipia chumba, tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: pwani hii ya mashariki ya Unguja maji hupwa mbali sana, na watoto waliovaa nguo za kuogelea wakabaki kutazama mchanga. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama saa. Wanaotaka kuogelea saa zote waende Nungwi au Kendwa.

Maji yakitoka, tembeeni, lakini kwa viatu vya mpira. Kuna mdudu mweusi wa baharini mwenye miiba, naye hana huruma na nyayo za mtoto. Zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni mashamba ya mwani ya kina mama, msizikanyage. Geukeni mapema, maji hurudi kwa kasi.

Kwenye boti ya kutoka Dar, keti nyuma, chini, katikati. Chai ya tangawizi husaidia kichefuchefu, chipsi hazisaidii.

Mkienda kijijini kununua mkate, jifungeni kanga juu ya nguo za kuogelea.