SOMO LA KIKUNDI: Gari litaondoka saa ngapi?



Mama amekaa ndani ya matatu hapo steji ya Homa Bay, na beseni la samaki wabichi wa kuuza Rongo. Jua linapanda. "Mama, ngoja kidogo, gari ijae," makanga anamwambia. Lakini samaki hawangoji.

Tusikimbilie kumlaumu makanga. Kila jioni dereva anapeleka hesabu kwa mwenye gari. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na makanga. Kiti kitupu ni hasara yao. Ndiyo sababu wanangoja, wanajaza, halafu wanakimbiza gari.

Wenzetu wa Ulaya walipangaje? Huko London mabasi huendeshwa na kampuni za watu binafsi, sawa na hapa. Lakini tangu 2000 kuna shirika moja la umma, Transport for London, linalopanga njia, saa na nauli. Kampuni hushindania mkataba wa njia. Nauli huenda kwa shirika, na kampuni hulipwa kwa kazi ya kuendesha basi kwa wakati. Dereva ana mshahara, akibeba watu 3 au 50. Kwa hivyo saa ikifika, anaondoka. Lakini tuelewe: nauli peke yake haitoshi, na pesa nyingine za umma huongezwa.

Kwetu Kenya, sheria za Februari 2004 zilileta mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kanuni za 2014 zikaagiza kila matatu iwe chini ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Hapo pana mlango. Mwenye gari mmoja hawezi kupanga ratiba, lakini Sacco inaweza.

Je, sisi tufanye nini? Someni jina la Sacco lililoandikwa kwenye gari. Tumeni watu wawili kwa viongozi wake. Ombeni gari moja la saa maalum siku ya soko, nanyi muahidi abiria. Kumbukeni, matatu ya kawaida hubeba abiria 14. Akina mama 14 wakikubaliana, gari limejaa kabla ya kufika steji!

Maswali ya kujadiliana:
1. Mwezi uliopita tulipoteza nini kwa kungoja gari?
2. Dereva akilipwa mshahara, ni nini kitabadilika?
3. Nani atakwenda kuonana na Sacco, na lini?