Somo la Redio za Garini: Antena, Bodi na Waya Wake

Wanachama wetu kadhaa wenye watoto waendeshao malori Marekani na Kanada wamefika ofisini kuuliza habari za redio ndogo za garini ziitwazo CB. Malalamiko yao karibu ni mamoja: redio mpya, antena mpya, fedha zimetoka, na sauti haivuki maili moja. Twaona ni bora kulieleza jambo hili hapa, ili kila mmoja apate kumwandikia mwanawe, na asije mtu akanunua redio ya pili hali ya kwanza haina ubaya wowote.

Redio hizi si za juzi. Marekani iliziruhusu katika masafa ya 27 MHz mwaka 1958, zikiwa na njia 23. Tangu mwaka 1977 njia zimekuwa 40. Nguvu ya kurushia sauti kwa mtindo wa AM ni wati 4 tu. Madereva wa malori huongea zaidi katika njia ya 19, na njia ya 9 imewekwa kwa ajili ya shida na ajali. Dereva aliye katika ukungu akiambiwa na mwenzake wa mbele kwamba barabara imeziba, hupata kupunguza mwendo kabla ya kuwaona waliogongana. Kwa hiyo redio isiyosikika si hasara ya fedha peke yake. Na kwa kuwa wati ni 4, hapana cha kupoteza njiani.

Sasa tuitazame antena. Wengi hudhani antena ni ule ufito tu. Sivyo. Ufito ni nusu. Nusu ya pili ni bati la gari lenyewe. Wimbi la njia ya 19 lina urefu wa kama mita 11, na ufito kamili ni robo yake, yaani kiasi cha mita 2 na sentimita 75. Fito fupi zinazouzwa madukani zimezungushiwa waya ndani ili zifanye kazi ya ufito mrefu, nazo hazifiki kamili. Umeme unaopanda katika ufito hauna budi kupata mwenzake wa kuenea katika bati. Bati likikosekana, au likiwa halikuungana na kitako cha antena, umeme huo hutafuta njia nyingine, nayo mara nyingi ni upande wa nje wa waya uleule utokao redioni. Hapo ndipo dereva anaposhika maikrofoni akahisi kuchomwachomwa, na mita ikacheza kila mlango ukifunguliwa.

Mahali bora pa antena ni katikati ya paa. Ikiwekwa pembeni, sauti huenda zaidi upande ule wenye bati jingi. Mathalan, antena iliyo pembe ya nyuma kushoto hupeleka nguvu zaidi mbele kulia. Malori makubwa hayana nafasi juu ya paa, basi antena hufungwa kwenye vyuma vya vioo vya pembeni. Na hapo ndipo penye maradhi mengi. Chuma cha kioo kimepakwa rangi, kimefungwa mlangoni, mlango nao umeshikwa na bawaba zenye grisi na kutu, na pengine kichwa cha lori chenyewe ni cha faiba wala si bati. Kijana wa mwanachama mmoja alibadilishiwa redio mara mbili na duka moja la njiani, akaambiwa anunue ya tatu. Fedha hizo ndizo alizokuwa amtumie mzee wake za kulipia wachumaji. Alipoandikiwa afungue kitako cha antena, aliikuta rangi nzima chini ya nati, haijakwaruzwa hata kidogo. Msasa kidogo na mkanda mmoja wa shaba ulimaliza maneno.

Hapa pana jambo linalowadanganya hata mafundi stadi. Fundi huchukua mita yake ya betri, hugusa chuma cha kioo na fremu, husoma omu sifuri, kisha husema: bodi ni nzuri. Kwa taa na honi ni kweli. Walakini mita ile hupima umeme usiogeuka, na umeme wa redio hugeuka mara milioni 27 kwa kila sekunde. Waya mwembamba na mrefu uliofungwa kwenye fremu, kwa taa ni ardhi njema. Kwa redio ni kama antena nyingine, na urefu wake ukifika robo ya wimbi huwa kana kwamba haukufungwa kabisa. Mita ikikataa, amini kuwa pana ubaya. Ikikubali, usiamini bado.

Dawa yake ni mkanda mpana wa waya wa shaba uliosukwa, mfupi iwezekanavyo: mmoja kutoka chuma cha kioo hadi mlangoni, mwingine kutoka mlangoni hadi kwenye bodi au fremu. Kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, tia washa yenye meno, kaza, halafu paka grisi kwa nje kuzuia kutu. Katika kitako mna pia washa ndogo ya plastiki inayotenga ufito na chuma. Ikiwekwa upande usiostahili, ufito hugusana na bodi na redio haina pa kupeleka nguvu zake. Kwa lori la faiba lisilo na bati la kutosha, kuna antena zilizotengenezwa makusudi zisihitaji bati. Hizo huja na waya wake, na waya huo usibadilishwe.

Tuje kwenye waya. Ndani una uzi wa katikati, kisha plastiki nyeupe, kisha nyuzi zilizosukwa kama wavu, kisha ngozi ya nje. Waya wa kawaida wa CB ni wa omu 50. Adui zake ni mlango unaoubana kila siku, kona kali, plagi iliyolehemiwa vibaya, na maji. Maji yakiingia kwenye plagi ya juu hufuata wavu kwa ndani kama yafuatavyo utambi, na shaba hugeuka nyeusi. Waya wa namna hiyo haukaushwi, hutupwa. Kuujaribu ni rahisi: ufungue ncha zote mbili, kisha pima. Katikati kwa katikati isome karibu na sifuri. Katikati kwa wavu isisome kitu. Pima ukiutikisa, maana uzi uliokatika nusu hukubali ukitulia. Sharti antena iwe imefunguliwa, kwa kuwa baadhi ya antena zina koili iliyoungana na bodi, nazo zitaonyesha sifuri bila ya ubaya.

Kisha itumike mita ya kupimia nguvu inayorudi, iandikwayo SWR. Kipimo cha 1.5 ni chema. Cha 2 chavumilika, nguvu inayorudi ni kama asilimia 11. Kikifika 3 robo nzima hurudi, basi aache kurusha kabla redio haijaungua. Apime njia ya 1 na ya 40, gari likiwa mahali pa wazi na milango imefungwa. Kipimo kikizidi katika njia ya 40, ufito ni mrefu. Kikizidi katika njia ya 1, ni mfupi. Kikiwa juu kote, asikate ufito. Hiyo ni bodi au waya, na ufito uliokatwa haurudi.

Watu husema pia kwamba waya lazima uwe futi 18. Kwa antena moja iliyofungwa vizuri si lazima. Kipimo kikibadilika kwa kubadili urefu wa waya, hiyo ni dalili kuwa umeme unapita nje ya wavu, na bodi ndiyo ya kutazamwa. Illa kwa antena mbili, moja kila kioo, maneno yageuka. Hapo hutumika waya mbili za omu 75, na urefu wake ndio unaogeuza kipimo ili zikiungana zilingane na omu 50 za redio. Hizo zisikatwe hata inchi moja, na zilizozidi zikunjwe kwa mizunguko mipana chini ya kiti.

Kwa wanachama waliouliza kama waweza kuzifunga katika malori yetu ya karafuu: masafa ya redio hapa nchini yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, basi ulizeni huko kabla ya kununua.