Dondoo muhimu: Kabla hujapanga foleni Kona Baridi

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Upepo wa Kona Baridi, hapa Kajiado, haumwonei mtu huruma, kwa hiyo beba shuka. Mengine ni haya:

• Jua nani hufanya nini. Hapa ndipo wengi wetu hudanganywa. Utapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Kwa Katiba ya 2010, zahanati, chekechea na barabara za kaunti ziko chini ya gavana. Polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. MCA hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kumkagua gavana. Hana hazina mfukoni. Basi anayewania wadi akikuahidi lami mpya ya barabara ya Magadi, muulize ataitoa wapi, kisha nyamaza usikie.

• Umehamia Kitengela kutoka Machakos au Embakasi? Hamisha usajili wako mapema. La sivyo utawachagulia MCA majirani uliowaacha.

• Ile pesa ya “chai”: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika anayetoa na anayepokea.

• Beba kitambulisho au pasipoti uliyojisajilia. Picha yake kwenye simu haitoshi.

• Kura zikishahesabiwa, matokeo ya urais, yaani Fomu 34A, hubandikwa kituoni. Rudi uisome, shuka ukiwa nayo.